Moto kichaa na moto wa mapema: kwa nini bwana misitu anachoma pori analolinda

Mwezi Juni, ukiwa kwenye basi linalotoka Dodoma kwenda Tabora kupitia Manyoni na Itigi, si ajabu kuona moshi ukipanda kando ya barabara. Safari moja ya namna hiyo tuliwapita vijana waliovaa sare za uhifadhi wamesimama pembezoni mwa pori. Wawili walishika makopo yenye mdomo mrefu yanayodondosha moto, wengine walikuwa na matawi mabichi na mabomba ya maji mgongoni. Nyasi zilikuwa zikiungua polepole, ndimi za moto hazifiki hata magotini. Mama aliyekaa kiti cha mbele yangu aligeuka akaniuliza, "Mwanangu, hawa si ndio wanaotukamata sisi tukichoma? Mbona leo wanachoma wenyewe?"

Siku ile nilimjibu juu juu, na jibu langu halikumtosha. Swali lake nimelisikia tena mara nyingi: kwa wafugaji wa Bahi, kwa walina asali wa Manyoni, kwa wanafunzi mjini Dodoma. Kila kiangazi linarudi pamoja na ile ramani inayozunguka kwenye simu, Tanzania nzima imejaa nukta nyekundu, na chini yake mtu ameandika kwamba nchi inateketea. Hapa nataka kumjibu mama yule kwa kirefu, maana swali lake ni la haki.

Tuanze na majina, kwa kuwa mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Moto kichaa ni moto unaoungua pasipo mtu wa kuuongoza, mahali au wakati ambao haukukusudiwa. Jina hilo halitazami nani aliwasha wala alikuwa na nia gani. Hata moto uliowashwa kwa nia njema ukishamponyoka aliyeuwasha ni moto kichaa. Uchomaji wa mapema ni moto unaowashwa kwa mpango mwanzoni mwa kiangazi, kwa kawaida kati ya Mei na Julai mwanzoni, nyasi zikiwa zimeanza kukauka lakini mashina yake bado yana unyevu. Moto wa kuchelewa ni ule wa Agosti hadi mvua zinapoanza, kila kitu kikiwa kikavu. Barabara ya moto ni ukanda uliofyekwa au kulimwa ukabaki udongo mtupu, ili moto ukifika hapo ukose cha kula.

Mafiga matatu

Chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Moto nao una mafiga yake matatu: kitu cha kuungua, hewa, na joto la kuwashia. Ondoa moja, moto unalala. Ukifunika jiko la mkaa umeunyima hewa, ukimwaga maji umeliondoa joto. Lakini porini hakuna wa kuifunika hewa, na maji ya kulimwagia Pori la Akiba la Rungwa hayapo. Figa ambalo binadamu analimudu huko ni lile la kitu cha kuungua. Uchomaji wa mapema umejengwa juu ya hoja hiyo: ziondoe kuni mwenyewe, taratibu, kabla moto mkali haujazikuta.

Na kuni zenyewe hapa kwetu ni nyasi. Hili watu wengi hawalitegemei kwa sababu picha tulizozoea kwenye runinga zinatoka California au Australia, ambako moto huruka kutoka kilele cha mti hadi kilele kingine na kuumeza msitu mzima. Katika mapori ya kati ya Tanzania moto hutembea chini. Nyasi ndizo zinazoungua. Miti huunguzwa tu na moto unaopita miguuni mwake. Mti unaweza kupitiwa na moto wa namna hiyo ukaishi, au ukafa, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha mjadala wote.

Kutokana na nyasi unapatikana ukweli mwingine unaowashangaza watu. Wengi wanadhani mwaka wa ukame ndio mwaka wa moto mkubwa. Kwetu, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600 nayo huja msimu mmoja, mara nyingi mambo ni kinyume. Mwaka wa ukame nyasi hazioti za kutosha, ng'ombe wanamaliza zilizopo, moto unakosa chakula. Mwaka wa mvua nyingi nyasi zinafika kifuani, na kufikia Septemba umezungukwa na kuni zilizosimama. Ndiyo maana viunga vya jiji la Dodoma, vilivyochungwa hadi udongo ukaonekana, haviungui sana, ilhali Rungwa, Kizigo na Muhesi, mapori yasiyo na mifugo, huwaka kila mwaka.

Hifadhi nzuri basi inazaa kuni. Wazee wa Kondoa wanaukumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo ilivyoondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, makorongo yakaanza kupona. Lakini mahali penye nyasi ndefu zisizoliwa panahitaji mtu wa kuwaza habari ya moto, jambo ambalo ardhi tupu haikuwahi kulidai.

Juni na Septemba si mwezi mmoja

Mpishi yeyote anajua tofauti ya kuni mbichi na kuni kavu. Nyasi za Juni ni kama kuni mbichi: zinatoa moshi mwingi mweupe, zinaungua kwa kusuasua, zinaacha viraka visivyoguswa. Jioni baridi ikishuka, umande ukitua, moto unajifia wenyewe kwenye bonde au kwenye mkondo wa mto. Nyasi za Septemba ni petroli iliyosimama. Mchana ni joto, hewa kavu, upepo unavuma kutoka mashariki bila kupumzika, na hata usiku moto haulali.

Ongeza mlima. Shika kijinga cha moto ukielekeza ncha inayowaka chini: ndimi zinapanda kwenye mkono wako haraka. Kiinue ncha juu: kinaungua taratibu. Moto unaopanda mlima unafanya vivyo hivyo, unazikausha na kuzipasha joto nyasi za juu yake kabla haujazifikia. Watu wa zimamoto wana kanuni ya makadirio kwamba kila mteremko ukiongezeka nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda huongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo ukikutwa na moto porini usikimbilie kileleni. Nenda upande, au kwenye eneo lililokwisha kuungua, ambako hakuna kilichobaki cha kuungua.

Upande wa miti nao mwezi una maana yake. Miti ya miombo, ile inayojaza mapori ya Tabora, kama mti uitwao mtundu, ina tabia ya pekee: huchipua majani mapya kabla ya mvua, Agosti hadi Oktoba, yale majani mekundu yanayolipamba pori wakati ardhi bado ni vumbi. Chakula cha kuotesha majani hayo kinatoka kwenye akiba iliyowekwa mizizini. Moto ukipita Juni, mti bado una ghala lake. Ukipita mwishoni mwa Septemba unaukuta mti umeshatumia akiba na majani machanga hayajaanza kuilipa. Ni kumvamia mkulima wa Ugogo mwezi Januari, ghala limebaki sakafu na uwele shambani haujakomaa.

Mninga unafundisha zaidi. Mche wake hukauka juu kila kiangazi, ukarudi kuchipua mvua zikija, miaka kadhaa mfululizo, huku chini mzizi ukinenepa kama mhogo. Siku mzizi ukiwa na nguvu za kutosha, mche unapanda kwa kasi hadi kilele chake kiwe juu ya ndimi za moto. Mti huu umeishi na moto tangu zamani, na moto mwepesi unauvumilia. Ukiunguzwa na moto mkali kila mwaka haupati nafasi ya kupanda. Unabaki kichaka cha kimo cha goti, na ukipita hapo utadhani mninga umekwisha, kumbe uko chini ya ardhi unasubiri.

Haya si maneno ya kukisia. Mwaka 1933, karibu na Ndola nchini Zambia, wataalamu waligawa kipande cha miombo. Sehemu moja ilichomwa mapema kila mwaka, nyingine ikachomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka, nyingine haikuchomwa kabisa. Baada ya miongo kadhaa sehemu iliyochomwa kwa kuchelewa ilikuwa imepoteza karibu miti yake yote mikubwa na kugeuka uwanda wa nyasi wenye visiki vinavyochipua na kuungua tena. Iliyochomwa mapema ilibaki miombo. Ile ambayo haikuchomwa ilizidi kuwa msitu mnene, ikaanza kuota miti isiyopukutisha majani. Udongo mmoja, mvua ile ile, tofauti ni mwezi wa kiberiti.

Angalia lakini lile jibu la tatu, la sehemu isiyochomwa, kwa sababu wapenzi wa uchomaji wa mapema hulipita haraka. Mahali ambapo moto unaweza kuzuiwa kabisa, msitu unafanya vizuri kuliko ukichomwa. Moto wa mapema unachaguliwa kwa kuwa kwenye pori la maelfu ya kilomita za mraba, lenye walina asali, wawindaji, wachoma mkaa na wapita njia, kuuzuia kabisa hakuwezekani. Usipochoma wewe Juni, mtu mwingine atachoma Septemba.

Mahali pasipostahili moto wa mapema

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kila kijiji kianze kuchoma mapema. Tanzania Bara ina hekta zipatazo milioni 48 za misitu, sehemu kubwa ni miombo, na kwa hiyo somo la miombo limefundishwa kila mahali kana kwamba nchi nzima ni Tabora. Dodoma si Tabora. Hata Ndola yenyewe hupata mvua karibu mara mbili ya mvua yetu.

Vichaka vya Itigi, kwa mfano. Ni vichaka vinene vya kimo cha mita 3 hadi 5, vimesongamana kiasi kwamba ndani yake nyasi haziwi na jua la kuotea. Moto wa kawaida hufika ukingoni ukafa. Vikishafyekwa au kuunguzwa, nyasi huingia, na nyasi zikiingia moto unakuwa mgeni wa kila mwaka. Kuchoma humo kwa hoja ya "kinga" ni kukifungulia mlango kile unachokikinga. Misitu ya mawingu iliyo juu ya milima ya Rubeho, upande wa Mpwapwa, nayo haikuzoea moto wa aina yoyote.

Mwaka 2020, moto ulipozuka mlima Kilimanjaro tarehe 11 Oktoba na kuunguza kilomita za mraba zipatazo 95, wengi waliuliza kwa nini mlima haukuchomwa mapema. Ukanda ulioungua sana uko juu ya msitu, ni vichaka vyenye mafuta vinavyowaka upesi na kupona kwa miaka mingi. Kila vikiungua, mpaka wa msitu unashushwa, na pamoja nao uwezo wa mlima kunasa maji ya ukungu. Huko kazi ni kuzuia moto usiwake.

Na sasa mashambani kwetu. Kuna kazi inayofanyika Dodoma ambayo mimi naithamini sana, inaitwa Kisiki Hai, ikihimizwa na LEAD Foundation ya Mpwapwa. Mkulima hapandi mti. Anachagua visiki vilivyo hai shambani, anabakiza machipukizi machache yenye nguvu, anapogolea mengine, anayalinda. Kwa mvua zetu njia hii inashinda miche mingi tunayoimwagilia kwa ndoo halafu ikafa Agosti. Lakini chipukizi la miaka miwili lina ganda jembamba. Mbuyu unaweza kuchunwa na kuunguzwa ganda ukaliotesha upya. Chipukizi la mgunga halina uwezo huo. Moto wa nusu saa unafuta kazi ya miaka mitatu, uwe wa Juni au wa Septemba. Shamba lenye visiki hai halichomwi. Linazungushiwa barabara ya moto, basi.

Hapo tunagusa desturi ya kuberega, kulima bila kutifua: mabua ya msimu uliopita yanakusanywa na kuchomwa, kisha mbegu zinafukiwa kwenye vijishimo. Moto huo unawashwa Oktoba au Novemba, wakati mbaya kuliko wote, na mara nyingi mtu mmoja peke yake na jembe. Mabua yakilazwa shambani yanashika unyevu na kupunguza mmomonyoko. Najua ng'ombe huyala na mchwa huyamaliza. Kama ni lazima kuchoma, fanya malundo madogo katikati ya shamba, asubuhi na mapema upepo haujaamka, na jirani awe ameambiwa.

Yanayosemwa na yalivyo

"Jua la Dodoma ni kali, linawasha nyasi lenyewe." Haliwezi. Udongo mtupu wa Oktoba unaweza kufika nyuzi joto 60 hivi za Selsiasi. Nyasi zinahitaji zaidi ya 250 ili ziwake. Radi inaweza kuwasha, lakini radi zetu huja na mvua. Moto wa Agosti umewashwa na mkono wa mtu: kienge cha kumfukuzia nyuki, tanuru la mkaa, kipande cha sigara, shamba linaloandaliwa.

"Majivu ni mbolea." Nusu ya kweli. Majivu yanaacha potasiamu, kalsiamu na fosforasi kidogo, na ndiyo maana mwaka wa kwanza mazao hufurahisha. Naitrojeni, ambayo udongo wetu unaihitaji kuliko vyote, hupaa na moshi. Na upepo wa Septemba hauyaachi majivu mahali ulipoyakuta.

"Tukichoma, malisho yanaota." Mfugaji anayesema hivi hadanganyi, na huwa sipendi anavyokaripiwa. Nyasi kuukuu ni kama kula majani ya godoro, hazina nguvu. Machipukizi ya baada ya moto ni laini na yenye lishe. Tatizo ni kwamba yakiota kabla ya mvua yanatumia akiba ya mizizi, kama miombo. Ng'ombe anayala, mzizi unachipua tena, ng'ombe anayala tena. Baada ya miaka michache nyasi za kudumu zinatoweka, zinabaki zile za msimu ambazo Julai ni vumbi. Wafugaji wanaotenga ngitili au alalili, yaani malisho ya akiba ya kiangazi, wanahitaji moto usifike kabisa humo.

Sehemu mbalimbali nchini ipo pia imani kwamba ukiwasha moto porini ukaenda mbali, umri wako nao utaenda mbali. Imani hii huwasha moto usio na kazi yoyote, na inaumiza kuona mizinga ya magome ya jirani ikigeuka majivu kwa ajili yake.

Na ile ramani ya nukta nyekundu? Ni kweli, wala si uzushi. Setilaiti zinapima joto la ardhi, na pale zinapohisi moto zinaweka alama. Kipimo kimoja kinaangalia eneo la takriban kilomita moja kila upande, kingine mita 375. Nukta ina maana kwamba ndani ya eneo hilo kulikuwa na joto la moto setilaiti ilipopita. Haina maana kwamba eneo lote limeungua, wala haikuambii kama uliowaka ni moto wa mapema, malundo ya mabua, au janga. Nukta ikichorwa kubwa kwenye ramani ndogo, nchi yote inaonekana inawaka. Lakini usilale pia: Afrika hubeba takriban theluthi mbili ya eneo linaloungua duniani kila mwaka, nyasi zikiwa sehemu kubwa ya hilo. Nukta za Juni pembezoni mwa hifadhi zinaweza kuwa habari njema. Nukta zile zile Oktoba ni habari mbaya.

Wanavyochoma, na haki yako

Turudi kwa vijana wa kando ya barabara. Kabla ya siku ile, wanapaswa kuwa wameligawa eneo kwa mipaka ambayo moto hautaivuka: barabara, mkondo wa mto, ukanda uliofyekwa. Wanasubiri jua likipungua. Wanachoma kipande kidogo cha majaribio kwanza. Kikiwaka kwa hasira wanaahirisha. Kisha wanaanzia upande ambao upepo unaelekea, ili moto utembee ukipingana na upepo, taratibu. Kopo lile lina mchanganyiko wa dizeli na petroli, dizeli ikiwa nyingi. Hawachomi pori lote. Wanaacha viraka, hapa pameungua, pale pamebaki, ili wanyama wawe na pa kujificha na pa kula, na ili moto wa Septemba ukija ukute njia imekatika kila upande.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimkatazi mwananchi moto moja kwa moja. Inadai kibali, inadai majirani wajulishwe, inadai moto usiachwe peke yake. Tofauti ya mama yule na wale vijana, kisheria, ilipaswa kuwa hiyo: mpango, kibali, watu wa kutosha. Sare haimo. Moto wa wahifadhi ukiruka barabara ya moto ukaingia kwenye shamba la mtama la mwanakijiji, huo nao ni moto kichaa.

Kwa hiyo kijiji kilicho jirani na hifadhi kina haki ya kumwita bwana misitu kwenye mkutano mwezi Aprili na kumuuliza: mtachoma tarehe zipi, upande gani, nani kijijini atapigiwa simu ukiponyoka, na nani atabaki zamu ya usiku. Kamati ya maliasili ya kijiji iyaandike majibu, mwenyekiti na mtendaji wabaki na nakala. Mimi ningeanza na hilo swali la zamu ya usiku. Gogo linalofuka saa mbili usiku, kila mtu akiwa amekwenda kula, ndilo linalowaka upya kesho yake saa saba mchana upepo ukirudi.